Maswali ya Jikoni: Sushi za Kukunja Nyumbani

Tulipotangaza kwamba safu ya mwezi huu itahusu sushi za kukunja, yaani wali uliokolezwa siki, ukatandazwa juu ya karatasi ya mwani, ukawekewa mboga au samaki katikati na kuviringishwa kabla ya kukatwa vipande, barua kutoka Arusha na Moshi zilikuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Nimechagua zile zinazogusa matatizo ya wengi. Nimejibu kwa urefu pale ambapo kosa dogo huharibu chakula au huhatarisha afya, na kwa ufupi pale ambapo jambo ni jepesi.

Mama, shikamoo. Nilinunua mchele mzuri wa Mbeya katika soko la Kilombero, nikaupika kama tunavyopika siku zote, ukachambuka punje kwa punje. Lakini kila nilipokata roli, wali ulimwagika ubaoni. Je, ni lazima ninunue mchele wa Kijapani, ambao bei yake ni kubwa mno? (Msomaji wa Njiro, Arusha)

Marahaba, mwanangu. Mchele wako ni mzuri na mapishi yako hayana kasoro; tatizo ni kwamba sifa tunayoitafuta katika wali wa sikukuu, punje kutengana, ndiyo hiyo hiyo inayobomoa roli ya sushi. Mchele wanaotumia Wajapani una punje fupi na nene, na wanga wake una amilopektini nyingi, ambayo hunata, na amilosi kidogo, ambayo hufanya punje zikauke na kuachana. Mchele wetu wa kunukia wa Kyela na Mbeya una punje ndefu zaidi na huelekea upande wa pili. Ukimudu mchele wa Kijapani kwa siku ya wageni, nunua, kwa sababu kazi itakuwa rahisi. Kwa chakula cha nyumbani, hata hivyo, sioni haja ya kutumia fedha hizo, maana mchele wetu unaweza kushikana vya kutosha endapo utabadili namna ya kuupika.

Anza na mafuta. Karibu kila mmoja wetu amefundishwa kutia mafuta au tui la nazi kwenye wali, na wengine huukaanga mchele kidogo kabla ya kumimina maji. Mafuta huizingira punje na kuizuia isishikane na ya jirani, kwa hiyo wali wa sushi hupikwa kwa maji matupu, bila mafuta, bila tui na hata bila chumvi, kwa kuwa chumvi itakuja pamoja na siki. Naamini wengi walioniandikia kuhusu roli zinazobomoka wangeona tofauti kubwa kwa kurekebisha jambo hili pekee.

Kisha angalia umri wa mchele. Wapishi wetu wanajua kwamba mchele mpya hunata na wa zamani huchambuka, ndiyo maana sokoni huulizia ule wa zamani. Kwa sushi, mwombe muuzaji mchele mpya kabisa. Kwa wanaoishi Moshi hili ni jepesi zaidi, kwani mashamba ya Chekereni na vijiji vingine vya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980, hayako mbali na mjini. Epuka mchele wenye chenga nyingi, kwa sababu chenga huyeyuka na kuugeuza wali wote kuwa bokoboko, wakati wali wa sushi unatakiwa ushikane huku kila punje ikionekana nzima, laini hadi katikati.

Kuna pia suala la mwinuko, ambalo maelekezo ya mapishi yaliyoandikwa na watu wa pwani hayalitaji. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji hapo huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi badala ya 100. Moshi mjini, ambako ni chini ya mita 1,000, huchemka kwenye takriban 97. Maana yake ni kwamba kiini cha punje huchelewa kuiva, na anayefuata kipimo cha maji na dakika za kitabu cha Tokyo au Dar es Salaam hupata wali mgumu kwa ndani, ambao hauwezi kushikana hata ukiubana kwa nguvu. Osha vikombe viwili vya mchele, kama gramu 400, mpaka maji yaache kuwa meupe, kisha uloweke kwa nusu saa na kuuchuja. Tia maji vikombe vitatu na robo, funika, na mara yanapochemka punguza moto uwe mdogo kabisa kwa dakika 15 hadi 18. Zima, na uache sufuria imefunikwa kwa dakika 15 nyingine bila kuchungulia, kwa sababu mvuke uliobaki ndani ndio unaomalizia kazi. Ikiwa mchele wako ni mpya sana, punguza maji robo kikombe.

Wakati wali unatulia, changanya vijiko vinne vya chakula vya siki ya kawaida yenye asidi ya asilimia 5, kijiko kimoja cha maji, vijiko vitatu vya sukari na kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, upashe moto mdogo mpaka sukari iyeyuke. Maji hayo ninayaongeza kwa sababu siki ya mchele ya Kijapani ni laini kuliko siki zetu. Usifanye kazi hii katika sufuria ya aluminiamu, kwa kuwa siki huila na kuacha ladha ya chuma. Tumia chombo cha kioo, cha udongo au cha chuma kisichoshika kutu. Upakue wali ungali wa moto kwenye sinia pana la mbao au la plastiki ngumu, unyunyizie siki, kisha upitishe mwiko kwa ubavu kana kwamba unakata, bila kusonga, huku mtu mwingine akiupepea kwa kipepeo cha ukindu. Upepo huondoa unyevu wa juu haraka na kuacha punje ziking'aa. Wali ukifikia joto la mwili, ufunike kwa kitambaa kibichi na uanze kukunja. Usiupoze kwenye friji hata kidogo, kwa sababu baridi huufanya wanga ukakamae na roli zitapasuka.

Mama, habari za kazi. Mume wangu huleta perege wabichi kabisa kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, wengine wakiwa bado wanarusha mikia. Nimesikia kwamba ukiwakamulia ndimu au kuwalaza kwenye siki wanaweza kuliwa bila kupikwa. Naomba kujua kama naweza kuwatumia kwenye sushi. (Msomaji wa Pasua, Moshi)

Dada yangu, nakuomba usifanye hivyo, na nasema hili bila kupunguza makali kwa sababu limo katika barua nyingi. Samaki wa maji baridi, awe perege, sato, kambale au sangara, haliwi mbichi. Upya wake hausaidii kitu hapa, kwani minyoo huishi ndani ya samaki aliye hai na mwenye afya, na bakteria hutoka kwenye maji yenyewe, ambayo ni yale yale yanayopokea taka za vijiji na mifugo. Ndimu na siki hubadilisha rangi ya nyama, ikawa nyeupe mithili ya iliyoiva, lakini haziui minyoo wala haziondoi bakteria kwa uhakika. Hata Japani, ambako ulaji wa samaki mbichi ni desturi ya karne nyingi, sushi za samaki mbichi hutegemea samaki wa baharini.

Samaki wa baharini nao wana masharti yao. Wengi wao hubeba mnyoo aitwaye anisakisi, na njia inayokubalika ya kumuua bila kupika ni kumgandisha samaki kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa siku 7 mfululizo. Friza nyingi za nyumbani, zikiwa nzima, hushikilia nyuzi 18 chini ya sifuri, na umeme ukikatika usiku mmoja hesabu yote inavurugika. Zaidi ya hapo, kugandisha hakuui bakteria. Samaki anayefika Arusha kutoka Tanga au Dar es Salaam amesafiri mamia ya kilomita, na wewe mnunuzi huna njia ya kujua barafu iliyeyuka mara ngapi njiani. Jodari ana hatari ya pekee: akikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, nyama yake hujenga histamini, ambayo haiondoki kwa kugandishwa wala kwa kupikwa. Mlaji hupata uso mwekundu unaowaka, kuumwa kichwa na kuwashwa mwili, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Kwa hiyo ushauri wangu kwa jiko la nyumbani la Arusha na Moshi ni kutumia samaki aliyepikwa, na kumwachia samaki mbichi mtu ambaye biashara yake ni hiyo na anayejua samaki wake alitoka wapi na alihifadhiwa vipi.

Nisingependa uchukulie ushauri huu kama kupewa chakula cha daraja la pili. Wajapani wenyewe hula kamba waliochemshwa, pweza aliyechemshwa, yai tamu la kukaanga kwa tabaka na mkunga (samaki mrefu kama nyoka) wa kuchoma juu ya wali wa siki. Mkunga huyo haliwi mbichi kabisa, kwa kuwa damu yake ina sumu inayoharibiwa na moto. Kuna roli za tango peke yake, na ile maarufu ya parachichi na nyama ya kaa ilibuniwa Amerika ya Kaskazini. Sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro na Meru tuna parachichi ambazo watu wa nchi nyingine hulipa fedha nyingi kuzipata, na ningekasirika kidogo kumwona mtu wa Moshi akihatarisha tumbo lake kwa ajili ya perege mbichi huku parachichi zikiiva mlangoni kwake.

Perege wa mume wako anafaa sana. Mpike kwa mvuke pamoja na vipande vya tangawizi, mwache apoe, mchambue mwiba kwa mwiba kwa subira, kisha changanya nyama yake na mayonezi kidogo na kitunguu cha majani. Au mkate minofu myembamba, ichovye kwenye yai na chenga za mkate, uikaange mpaka iwe kavu, na uikunje ikiwa bado kavu pamoja na tango.

Shikamoo. Karatasi zangu za mwani huwa ngumu kutafuna kama ngozi, na roli zangu hutoka zimelegea. Sina kile kimkeka cha mianzi. Pia nauliza: kwa nini tusitumie mwani wa Zanzibar, ambao ni wetu na ni wa bei nafuu? (Mwanafunzi, Sakina, Arusha)

Marahaba. Nianze na la Zanzibar, kwa sababu ni swali zuri. Mwani unaolimwa Unguja na Pemba ni wa jamii nyingine, na kwa kiasi kikubwa huuzwa ili kutengenezwa karajinani, unga unaotumika viwandani kuzitia uzito bidhaa kama aiskrimu na dawa za meno. Nori, yaani karatasi ya sushi, hutokana na mwani mwembamba mno wa baharini unaokatwakatwa, kutandazwa na kukaushwa kwa namna inayofanana na utengenezaji wa karatasi. Mwani wetu hauwezi kutandazwa hivyo, lakini ukichemshwa kidogo na kukatwa hufaa kuwa kachumbari ya pembeni.

Ugumu unaoulalamikia unatokana na unyevu. Nori hunyonya unyevu wa hewa kwa haraka sana, hasa wakati wa masika, na ikishalowa hutafunika kwa shida. Ukifungua pakiti, toa karatasi unazohitaji tu, na zilizobaki zifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na kile kipakiti kidogo kilichokuja nazo. Iliyolegea irudishe kwa kuipitisha sekunde chache juu ya kikaango kikavu chenye moto mdogo mpaka inukie. Kisha ukunje na kula mapema, kwa kuwa hata nori bora hulegea ikikaa na wali.

Kimkeka kinaweza kubadilishwa na taulo safi la jikoni lililokunjwa mara mbili na kufunikwa kwa plastiki nyembamba ya kufungia chakula. Weka karatasi juu yake, upande unaong'aa ukiwa chini. Lowesha vidole kwa maji yenye matone ya siki, chota wali unaojaza viganja viwili, na uutandaze kwa wepesi uwe na kina cha nusu sentimita hivi, ukiacha ukingo wa sentimita mbili mtupu upande ulio mbali nawe. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wali ukiwa mwingi, karatasi haifungi, na wali ukibanwa kwa nguvu hugeuka kuwa donge. Panga vitu vya ndani katika mstari mmoja karibu nawe, visizidi aina tatu, vyote vikiwa vikavu. Tango litolewe mbegu, mchicha ukamuliwe, jodari wa kopo achujwe mpaka asitoe hata tone. Inua ukingo wa karibu kwa kutumia taulo, uvushe juu ya vitu vya ndani mpaka uguse wali upande wa pili, vuta taulo kuelekea kwako ili roli ijikaze, kisha endelea kuviringisha. Roli iliyolegea mara nyingi ilikosa huko kuvutwa mara ya kwanza. Ilaze kwa dakika mbili au tatu, mshono ukiwa chini, ili unyevu wa wali uugundishe ukingo.

Kisu kiwe kikali kweli kweli na kifutwe kwa kitambaa kibichi kila baada ya kukata. Kata roli katikati, weka nusu mbili sambamba, kisha kata kila nusu vipande vinne kwa kuvuta kisu badala ya kukandamiza.

Asalaam aleikum. Mimi ni Mwislamu, na nimesoma kwamba wali wa sushi hutiwa pombe. Je, naweza kuipika nyumbani kwangu? (Msomaji wa Ngarenaro, Arusha)

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kwa mapishi niliyoyaeleza hapo juu, ndiyo, kwa kuwa kitoweo cha wali ni siki, sukari na chumvi peke yake. Kinachokutia wasiwasi ni mirini, kilevi kitamu cha mchele ambacho wapishi wengine hukitia kwenye wali, kwenye yai au kwenye mchuzi wa kupakia kuku na samaki. Kiache, na uongeze sukari kidogo mahali pake. Soma pia maelezo kwenye pakiti za vijiti vinavyoitwa vya kaa, ambavyo kwa kweli ni samaki mweupe aliyesagwa na kutiwa rangi, kwani baadhi ya watengenezaji huvitia mirini. Sosi ya soya iliyochachushwa kwa njia ya asili huwa na kileo kidogo kinachotokana na uchachu wenyewe, na hukumu ya hilo ni ya kumuuliza sheikh wako.

Mama, tangawizi ile ya waridi na kitoweo cha kijani nitavipata wapi bila kutumia fedha nyingi? (Msomaji wa Majengo, Moshi)

Tangawizi itengeneze mwenyewe, na itakuwa bora kuliko ya chupa. Nunua mbichi yenye ngozi nyembamba na isiyo na nyuzi nyingi. Ile ya milima ya Same, kutoka Mamba Myamba, hufika kwa wingi katika masoko ya mkoa. Imenye, ikate vipande vyembamba kabisa, inyunyizie chumvi kwa nusu saa, ichemshe dakika mbili, ikamue, kisha uimiminie siki ya moto iliyoyeyushiwa sukari. Kesho yake iko tayari. Usisumbuke na rangi ya waridi. Tangawizi changa sana huipata yenyewe kidogo, na ya dukani mara nyingi imetiwa rangi. Hicho cha kijani, wasabi, kinachouzwa kwenye vibomba kwa kawaida hutengenezwa kwa mzizi mwingine mkali, haradali na rangi, kwa hiyo haradali ya unga kidogo uliyokoroga kwa maji ya baridi dakika kumi kabla ya kula itakupa mwasho wa puani wa aina hiyo hiyo.

Mama, shikamoo. Mwanetu anapata kipaimara mwezi ujao na ningependa wageni wapate sushi pamoja na vyakula vyetu. Je, naweza kuzikunja usiku, nikaziweka kwenye friji, na kuziandaa mchana baada ya ibada? (Mama wa kipaimara, Kiboriloni, Moshi)

Marahaba, na hongera kwa kumlea mtoto hadi siku hiyo. Usizikunje usiku. Wali utakakamaa kwenye friji na nori italegea, na ukiziacha nje ili wali ubaki laini unaingia kwenye hatari kubwa zaidi: wali uliopikwa hubeba mbegu za bakteria ambazo moto hauziui, na zikikaa kwenye joto la chumba huamka, huzaana na kutoa sumu inayosababisha kutapika na kuharisha. Siki huwapunguza kasi, lakini kipimo cha nyumbani si cha kukitegemea. Tangu wali unapopoa mpaka kipande cha mwisho kinapoliwa zisipite saa nne, na kinachobaki baada ya hapo kimwagwe bila huruma.

Kinachoweza kufanyika usiku ni kuandaa vya ndani. Kaanga yai, chemsha kamba au kuku na umkate, chemsha karoti nyembamba, kamua mchicha na kuuchanganya na ufuta uliokaangwa, vyote vikae kwenye friji ndani ya vyombo vilivyofungwa. Parachichi likatwe dakika ya mwisho na kunyunyiziwa ndimu lisiwe jeusi. Asubuhi, yule atakayebaki nyumbani wakati wa ibada apike wali kwa kuhesabu muda wa nyie kurudi, auweke kwenye hotipoti iliyo wazi kidogo na kufunikwa kwa kitambaa kibichi, na kazi ya kukunja ianze mnapokaribia kufika. Vikombe viwili vya mchele hutoa roli nne au tano, yaani vipande 32 hadi 40. Kwa karamu yenye pilau, ndizi na nyama, vipande vinne kwa mgeni vinatosha kabisa.

Kwa vijana ningekushauri jambo jingine: panga wali, karatasi za nori zilizokatwa nusu na sahani za vitu vya ndani kwenye meza moja, kila mmoja ajikunjie koni ya mkononi na kuila hapo hapo. Kazi yako itapungua, na nori italiwa ingali kavu. Wazee waandalie roli zilizokatwa tayari, na waambie bila wasiwasi kwamba zinaliwa kwa mkono, kwa sababu Japani pia huliwa hivyo. Sosi ya soya iwe kwenye vibakuli vidogo mno, maana ina chumvi nyingi na wageni wenye shinikizo la damu watakuwepo. Andika karatasi ndogo mbele ya kila sahani ukitaja kilichomo, hasa kamba, yai, ufuta na sosi ya soya, ambayo hutengenezwa pamoja na ngano, ili mwenye mzio wa kimojawapo ajue kabla ya kunyoosha mkono.